Rais wa Vyumba Ishirini na Kimoja

Kwa miaka miwili kasoro wiki tatu nilikuwa mke wa rais, na kila alfajiri nilivuka mtaro wa maji machafu juu ya ubao mmoja nikiwa na sufuria ya muthokoi, mahindi na maharagwe ya kuuza, kichwani. Kama unamjua mke mwingine wa rais wa aina hiyo, mwambie tukutane tushauriane.

Nchi yenyewe ilikuwa ploti ya vyumba ishirini na kimoja vya mabati, Kawangware 46, nyuma ya kinyozi. Zamani kijito kilipita upande mmoja tu. Ikaja ile masika ya mafuriko, kijito kikapandwa na hasira, kikabomoa ukuta wa mawe na kuchimba njia ya pili upande wa pili wa ploti. Tuliamka asubuhi maji kushoto, maji kulia, na sisi katikati na kuku wawili.

Siku tisa hakuna aliyetufikia. Kamati ya mtaa ilikuwa ikigawa maharagwe na blanketi pale ng'ambo, tunaiona kwa macho. Tulipaza sauti. Tukajibiwa kwamba hatumo kwenye orodha, kwa sababu mwenye kuandika orodha hakuweza kuvuka maji kuja kutuandika. Nilitukana siku hiyo mpaka nikaishiwa na matusi ya Kikamba, nikaazima ya Kijaluo kwa jirani yangu Aketch.

Mume wangu Muli yeye hakutukana. Alipanda juu ya pipa, akafuta matope mikononi, akasema, "Kama hatuko kwa orodha yao, basi sisi ni nchi."

Watu walicheka, na njaa ikikubana kicheko huja rahisi. Lakini Muli hakuwa na mzaha. Mume wangu ana miaka hamsini na miwili, ni mtu wa mjengo, hubeba mchanga na kokoto hadi ghorofa ya nne. Anatoka Machakos. Mimi ni wa Kitui, na sisi wa Kitui husema mtu wa Machakos ukimpa kiti ataomba na meza. Kabla jua halijazama nchi ilikuwa na jina, Kisiwa, na baraza la mawaziri.

Aketch, muuza omena wa chumba cha tatu, akawa Waziri wa Ulinzi kwa sababu ya sauti yake, ambayo ikitoka vizuri husikika Riruta Satellite. Shivachi, fundi wa viatu, akawa Waziri wa Maji na Barabara, ingawa barabara ilikuwa ubao aliouokota mtaroni. Bendera ilikuwa pazia langu la kijani lenye maua. Sikuombwa. Nilirudi nikalikuta linapepea juu ya choo. Muhuri wa serikali Muli aliuchonga mwenyewe kwenye soli ya sapatu kuukuu, na wimbo wa taifa tuliazima sauti yake kanisani tukatia maneno yetu. Mgeni yeyote aliyetaka kuvuka alilipa viza ya kitunguu kimoja. Wahubiri waliingia kwa nusu kitunguu.

Paka akiondoka panya hutawala, na sisi panya tulitawala vizuri, niseme ukweli hata kama ni mume wangu. Maji yalipokauka kiasi cha kuvukika kwa ubao, tungeweza kuisahau ile nchi, lakini hakuna aliyetaka. Choo kilioshwa kwa zamu. Mtu hakuibiwa hata soksi kwenye kamba. Jumapili alasiri Muli aliketi juu ya kreti la soda kusikiliza kesi, na watu waliogombana kama mbwa na paka waliondoka wakiulizana habari za nyumbani. Walimwita Mheshimiwa. Mwanzoni walimwita hivyo kwa utani. Baada ya miezi michache nikagundua utani umekwisha na jina limebaki.

Na mimi? Niliitwa Fasti Ledi. Nilikuwa najifanya inaniudhi.

Tatizo lilikuwa ule ubao. Wateja wangu ni mafundi wa mjengo kule Satellite, na muthokoi usipofika saa nne wanakula chapati za mtu mwingine. Mara mbili nilianguka mtaroni. Mara ya kwanza nilipoteza kiatu. Mara ya pili nilipoteza sufuria nzima, nikasimama maji yakiwa magotini, nikitazama mahindi na maharagwe yangu yakielea kuelekea bondeni kwa mwendo wa maringo, na rais wa nchi akiwa ukingoni ananiambia, "Pole, Mama Kevin, Wizara ya Barabara inalishughulikia."

Nilimtupia mwiko.

Basi siku moja Obonyo, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, akaja hadi ukingoni na kipaza sauti chake. Obonyo si mtu mbaya. Ila ana kipaza sauti, na mtu mwenye kipaza sauti hawezi kusema jambo dogo.

"Wananchi wa Kisiwa!" alinguruma, naye amesimama hatua kumi kutoka kwetu. "Kuna daraja ya chuma inakuja! Kuna bomba ya maji! Lakini mradi ni ya mtaa moja, mwenyekiti mmoja! Mkikubali kuungana na sisi, mtaandikwa. Mkikataa, daraja inaishia kwa kinyozi! Umoja ni nguvu!"

"Obonyo, toa hiyo kitu kwa mdomo," Aketch alimjibu bila kipaza sauti, na ndege wakaruka. "Si tuko tu hapa?"

Muli alikung'uta usinga wake, ambao ulikuwa ufagio uliokatika, akasema kwa upole, "Tunaomba mapendekezo kwa maandishi."

Wiki tatu walipelekeana barua. Mwenye kuzibeba ni nani? Ni mimi, sufuria kichwani, barua kifuani, ubao chini ya miguu. Masharti yalikuwa hayo hayo: vyumba ishirini na kimoja vitaingia kwenye rejista ya mtaa kama nyumba zote nyingine, bendera itashuka, na hakutakuwa na rais. Kisiwa kikagawanyika. Shivachi alitaka muungano, kwa sababu mkewe Nafuna alikuwa na mimba ya miezi minane na tumbo lile halikuwa tumbo la kuvuka ubao. Aketch alipinga. Alisema kamati iliyotuacha siku tisa itatuacha na ya kumi.

Mimi moyoni nilikuwa nimeshavuka daraja mara mia.

Muli aliamua kwamba kabla ya lolote tumwone mwenye ploti, Hajat Suad, Mnubi wa Kibera. Alivaa koti la harusi yetu, ambalo sasa halifungi, akachukua usinga na muhuri. Tulikwenda kwa miguu, tukashika barabara hadi Dagoretti Corner, tukavuka Ngong Road, tukaingia Kibera kwa upande wa Makina. Njia nzima nilitembea hatua tatu nyuma yake, si kwa heshima, ila nisionekane niko na mtu mwenye ufagio.

Hajat Suad alitukaribisha barazani amejifunga gurbaba yake ya maua makubwa, akatuwekea chai na gurusa za moto, zile chapati zao nyembamba laini. Muli alisimama akatoa hotuba. Alieleza mamlaka ya Kisiwa, mipaka yake, na hatari ya kumezwa. Akaomba Hajat atoe tamko la kukiunga mkono.

Hajat Suad alicheka. Alicheka polepole kwanza, halafu akaweka kikombe chini kwa usalama, akacheka tena mpaka akajifuta macho na ncha ya gurbaba. Mimi ningekasirika, lakini kile kicheko kilikuwa kinaambukiza, nikajikuta nami nacheka na gurusa mdomoni.

"Muli," alisema alipopata pumzi, "babu yangu aliletwa hapa askari, na hii yote ilikuwa msitu. Miaka mia na kitu tumekaa. Mwanangu Nabil alipokwenda kuchukua kitambulisho, wenzake walitoka siku hiyo hiyo. Yeye akakalishwa mbele ya wazee, anaulizwa babu ya babu yako alitoka wapi. Wewe unajua babu ya babu yako alitoka wapi?"

"Masaku," alisema Muli, kama wazee wanavyoiita Machakos.

"Uliulizwa?"

"Hapana."

"Basi. Sisi tulikuwa kisiwa bila kupenda. Tulipiga kelele miaka tuingizwe kwa orodha. Sasa wewe watu wanakujia na kalamu mkononi, unawaambia walete kitunguu!" Akaanza kucheka upya.

Muli aliketi. Ufagio ukalala magotini. "Hajat, na mlipoandikwa mlipoteza nini?"

Akafikiri. "Nilipoteza kitu ya kulalamikia asubuhi. Lakini nimepata zingine."

"Kwa hivyo unasema tuungane?"

"Mimi nasema nini? Ploti ni yangu, lakini nchi ni yenu. Kuleni gurusa."

Tulipokuwa tunarudi Muli hakutoa hotuba. Tulipofika Dagoretti Corner, pale magari yanapokufanya usimame upende usipende, alisema bila kunitazama, "Mama Kevin, unajua kule mjengoni wananiita nani?"

"Muli."

"Wananiita wewe. Wewe leta mchanga. Wewe shuka. Mwaka wa kumi na tisa huu, na foremani ni kijana wa miaka ya Kevin wetu. Nikivuka ule ubao jioni, Nafuna ananiambia, 'Mheshimiwa, umeshinda aje?' Basi mgongo unapona."

Nilitaka kusema jambo la kuchekesha, kwa maana ndiyo kazi yangu katika ndoa hii. Halikuja. Nilimpenda pale barabarani kwa namna iliyonikasirisha, kwa sababu nilikuwa nataka daraja, na daraja lilikuwa linapita juu ya huyu mtu.

Kura ya maamuzi ikapangwa Jumamosi. Chumba kimoja, kura moja. Muli aliamua iwe ya mlolongo, kila mmoja asimame nyuma ya anachokitaka, vichwa vihesabiwe. Shivachi alikumbusha kwamba mlolongo uliwahi kuleta maneno mengi hapa nchini, laini fupi ikitangazwa ndefu mchana kweupe. Muli akasema kwetu macho ni mengi. Yeye na Obonyo wangehesabu pamoja saa saba, vibarua vikiisha, na kwa kuwa ndiye msimamizi hangepiga kura. Kura ya chumba chetu, nambari saba, nikaachiwa mimi.

Pembeni mwa choo wakachomeka vijiti viwili. Kijiti chenye kitambaa chekundu kilikuwa cha kuungana, na Shivachi ndiye kiongozi wake. Chenye kitambaa cha kijani, masalio ya pazia langu, kilikuwa cha kubaki nchi, na Aketch ndiye kiongozi.

Sasa sikiliza kosa letu. Watu wa Kisiwa ni watu wa vibarua. Jumamosi saa kumi na mbili usipokuwa getini, kazi imechukuliwa. Na sisi tangu jadi hatusimami kwenye foleni. Ukienda mferejini unaweka mtungi wako, unakwenda zako, na mtungi unasimama kwa niaba yako. Hausukumwi, haurukwi, haupinduliwi. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko katiba yoyote, na mtu aliyeivunja kule kwetu Kitui alihama kijiji. Kwa hivyo Jumamosi alfajiri, bila mtu kumwambia mwenzake, kila chumba kilileta mtungi wake wa lita ishirini, kikauweka nyuma ya kijiti kinachokipenda, kikaenda kazini.

Na mimi vilevile. Nilifika na mtungi wangu ukungu ukiwa bado chini. Nikatazama kitambaa chekundu. Nikatazama cha kijani. Nikaona ule ubao, nikaona mgongo wa Muli. Nikauweka mtungi katikati ya mistari miwili, nikakimbia na sufuria yangu kama mwizi.

Nilirudi saa saba na robo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Mlolongo wa mitungi ulianzia kwetu chooni, ukavuka mtaro, ukapita kinyozi, ukapita duka la mkaa, ukakunja kona kwenye kanisa. Mamia! Ya manjano, ya bluu, ya mafuta ya kupikia, na ndoo katikati. Sikuwahi kuona Kawangware imepangika hivyo. Mkiani nilimkuta mama mmoja nisiyemjua, amekalia mtungi wake, anachambua sukuma wiki.

"Dada, hapa kuna nini?" nikamuuliza.

"Maji."

"Maji gani?"

"Sijui. Lakini laini iko."

Nikaelewa. Mtu wa kwanza wa bara, ndivyo tulivyowaita wa ng'ambo ya mtaro, alipita akaona mitungi imepangwa, akajiambia mitungi haipangwi bure, akaleta wake. Wa pili akaona wa kwanza. Hakuna Mnairobi anayepita foleni bila kujiuliza anakosa nini. Nililazimika kuishika sufuria kwa mikono miwili, maana nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma.

Kisiwani kulikuwa na kizaazaa. Obonyo alikuwa ametembea mlolongo mzima wa kitambaa chekundu akihesabu, na kipaza sauti kilikuwa kimewaka. "Muungano: mia moja tisini na nne! Ushindi wa kishindo! Umoja ni nguvu!"

"Hii nchi iko na vyumba ishirini na kimoja!" Aketch alifoka. "Hao mia wengine umezaa saa ngapi?"

"Na laini ya kijani je?" Obonyo alijibu. "Mko themanini! Na huyu ni nani?"

Alikuwa anamwonyesha jamaa mwenye bodaboda, aliyekaa nyuma ya kitambaa cha kijani. Yule jamaa alikuwa amekwisha kuelezwa kwamba hakuna maji, ni kura ya kujitawala, na hakutaka kuondoka. "Mimi nimefika hapa saa moja," alisema. "Kama ni maji, sawa. Kama ni uhuru, pia sawa. Lakini laini sitoki." Watu kadhaa wa bara wakamuunga mkono, na kwa muda wa robo saa ikawa nusu ya Kawangware 46 inataka kujiunga na Kisiwa.

Hapo ndipo Muli alipopanda juu ya pipa. Hakuwa na kipaza sauti. Alinyoosha usinga tu, na watu, hata wale wa bara, wakanyamaza. "Kila mtungi utaheshimiwa," alisema. "Mitungi ya wageni ihamishwe kwa mpangilio wake, wa kwanza abaki wa kwanza, ipangwe kwa ukuta wa kinyozi. Maji yakija leo ama mwaka ujao, mtahudumiwa hivyo. Ya wenyeji ibaki."

Wakahama, bila fujo, mtungi kwa mtungi, na kila mmoja akimwuliza, "Mheshimiwa, mimi nifuate nani?" Niliona Obonyo amezima kipaza sauti, ametulia anamtazama.

Wenyeji hatukuhitaji majina. Wa Shivachi una kamba ya kiatu. Wa Aketch unanuka omena toka mbali. Wa chumba cha kumi na nne umezibwa kwa gunzi. Muli na Obonyo wakahesabu pamoja, kidole kwa kidole. Kuungana, kumi. Kubaki nchi, kumi. Na katikati, peke yake kama mtoto aliyepotezana na mamake, mtungi wa chumba nambari saba.

"Hii ni kura imeharibika," alisema Obonyo.

"Haijaharibika," alisema Muli. "Mwenyewe ndiye huyo. Aulizwe."

Watu wote wakageuka. Sijawahi kutazamwa hivyo tangu siku ya harusi yangu, na siku ile angalau nilikuwa nimeoga. Kicheko chote kikaniisha. Muli hakunikonyeza, hakunisihi. Alisimama na koti lake lisilofunga, ameubana ule ufagio kwapani, na uso wake ulikuwa unasema nifanye nitakavyo na nifanye haraka.

Nikamtazama Nafuna. Alikuwa amekaa chini karibu na ubao, miguu imevimba, mkono juu ya tumbo, na hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anautazama mtaro. Nikajiambia, mume nitamheshimu mimi, kila siku, hata asipokuwa na pipa la kusimamia. Lakini maji hayamheshimu mtu. Nikaweka sufuria chini, nikaushika mtungi wangu, nikaupeleka nyuma ya kitambaa chekundu.

Aketch alitoa sauti kama mtu aliyechomwa na mwiba. Shivachi hakushangilia. Hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wanamtazama Muli.

Aliteremka kutoka kwenye pipa, akajifunga kifungo kimoja cha koti kwa nguvu, kikakubali. "Kumi na moja kwa kumi," alitangaza. "Wananchi wa Kisiwa wameamua kuungana na ndugu zao. Waziri wa Ulinzi, teremsha bendera. Kwa heshima." Aketch akapanda juu ya choo akaliteremsha pazia langu analia waziwazi, tukaimba ule wimbo wetu mara ya mwisho, na watu wa bara kule kwa kinyozi wakavua kofia bila kujua kwa nini. Yule wa bodaboda alisimama wima kuliko wote.

Nilimpa Muli chai, akanywa. Nilimpa muthokoi uliobaki, akala. Nilimwuliza kama amekasirika, akasema, "Kura ni kura." Ningependa angenitupia mwiko.

Alasiri ile ile Obonyo akaweka meza mbele ya kinyozi na rejista mpya, tukaenda kuandikwa. Foleni ilikuwa ya watu safari hii. Kila chumba kilitaja jina, kitambulisho, kazi. Shivachi, fundi wa viatu. Nafuna, nyumbani kwa sasa. Ikaja zamu yetu.

"Jina?"

"Muli wa Kyalo."

"Kazi?"

Muli alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta. Nilijua neno lililokuwa linakuja, ndugu wa lile "wewe" nililolisikia Dagoretti Corner, na niliona mabega yake yanaanza kushuka kulipokea. Nyuma yetu mtu alisema kwa haraka, "Andika kibarua, twende."

"Andika rais mstaafu," nikasema.

Obonyo akainua kalamu. "Mama Kevin, hii ni rejista ya mtaa. Si mchezo."

"Nani anacheza?" Hasira ilinipanda yote kwa pamoja, ya siku tisa, ya sufuria, ya miaka kumi na tisa ya mchanga. "Rejista gani inaogopa ukweli? Huyu alitawala miaka miwili. Hakuiba hata kijiko. Hakumfunga mtu. Aliitisha kura, akashindwa kwa kura moja, tena ya mkewe, akakubali siku hiyo hiyo, bila kwenda kortini. Wewe Obonyo, na wote mko hapa, nitajieni mwingine. Mmoja tu! Mkimpata nitanyamaza."

Kinyozi akazima mashine. Watu wakatazamana, na kweli walijaribu, niliona midomo ikicheza wakihesabu. Halafu mmoja akaanza kucheka, foleni nzima ikashika, na ndani ya kicheko Aketch akapiga kigelegele ambacho nadhani Hajat Suad alikisikia Kibera. Obonyo mwenyewe alicheka mpaka akaegemea meza. Kisha akainama akaandika, herufi kwa herufi.

Muli aliigeuza rejista akasoma kwa kidole. Alisoma mara mbili. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa, na Mkamba wa rika lake halii mbele za watu, basi akageuka upande wangu. Mbele ya Obonyo, mbele ya kinyozi na foleni yote, akanishika mkono, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi.

"Na huyu," alimwambia Obonyo, "muandike ndiye alinipindua."